Fundi wa Simu na Mashine Iliyonyamaza

Fundi wa simu hakupenda kuzungumza kwenye simu. Alizitengeneza kwa miaka mingi huko mgodini Kilembe, akaijua mishipa yake kama mchinjaji anavyojua mbuzi, lakini ikilia mbele yake alimwita mtu mwingine aje ashike. Alisema sauti isiyo na uso inamtia wasiwasi. Mimi niliona ajabu, kwa sababu ana kwa ana pia hakuwa msemaji. Mtu angeweza kukaa barazani kwake mchana mzima akaondoka na maneno kumi tu, na matatu kati ya hayo yakawa "karibu", "chai" na "kwaheri".

Nilimfahamu kwa miaka minane. Vyumba vyetu vilikuwa katika layini moja mjini Kasese, karibu na stesheni ya reli. Chake kilikuwa cha mwisho upande wa mlima, changu kilifuata, na baada ya changu kilikuwa cha sajini mmoja wa jeshi na mkewe. Nilihamia pale kutoka Bwera miaka ya mwisho ya sitini, baada ya mama kumfuata baba kaburini, nikiwa na cherehani ya mama na wadogo zangu watatu: Biira, Kabugho, na Muhindo ambaye alikuwa bado hajajua kufunga kifungo. Mimi ndiye Masika, wa kwanza. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikushindwa. Asubuhi moja nilivaa sare, nikamtazama Muhindo aliyekuwa analia njaa, nikaivua sare, nikaikata nikamshonea yeye kaptura.

Siku tuliyohamia, fundi alikuja mlangoni akaikuta cherehani imekwama kwa safari ya lori. Hakusalimu. Aliinama, akazungusha gurudumu, akasikiliza, akaenda kwake akarudi na kopo la mafuta na bisibisi ndogo kama sindano. Ilipokwenda, alisema, "Ilikuwa na kiu," kisha akarudi chumbani kwake. Nilibaki na shukrani yangu mdomoni.

Jina lake tulilijua, ila halikutumika. Watoto walimwita Fundi, wanawake wa layini walimwita Fundi, na mkewe sajini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, alimwita Ile Fundi, hata akiwa mbele yake. "Ile Fundi, wewe nakula nini? Nguo nakaa juu yako kama juu ya msumari!" Fundi alicheka bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

Chakula chake kilikuwa bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa Katwe, kila siku, bila kuchoka. Nikipika sombe ya majani ya muhogo nilimpelekea sahani, akairudisha imeoshwa na ndani yake ameweka kitu: nati, kipande cha waya mwekundu ambao Kabugho aliugeuza bangili, mara moja glopu ndogo ya tochi. Sahani tupu hairudi kwa mwenyewe. Hiyo ni desturi yetu. Wengine hurudisha na ndizi, na yeye alirudisha alichokuwa nacho.

Alikuwa mwaminifu kwa namna iliyochosha. Wakati mgodini walipobadilisha mitambo ya simu, ile ya zamani ilitupwa nyuma ya stoo, ikanyeshewa. Mtu mwingine angejaza gunia. Yeye alikwenda kwa mtunza stoo kuomba karatasi kwa kila kipande alichokiokota, na mtunza stoo, kwa kumkejeli, akamwandikia: "Takataka moja. Takataka moja. Takataka mbili." Fundi alizihifadhi karatasi hizo zote kwenye kopo la biskuti. Lakini mtu huyohuyo alivuta umeme kutoka kwenye nguzo ya barabarani, mchana kweupe, akiwa juu ya ngazi niliyomshikia mimi. Nilipomuuliza kama hilo nalo lina karatasi, alijibu kutoka juu, "Umeme ni maji ya mto Nyamwamba yanayoteremka. Nani alilima maji?" Akaendelea kukaza waya.

Alichokuwa anaokota ni vidude vya shaba na chuma, kila kimoja kama nusu ya kidole gumba. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya na ulimi mdogo wa chuma. Umeme ukipita, ulimi unavutwa, tak. Ukikatika, unaachia, tak. Vinaitwa rilei. Zamani ndivyo vilivyokuwa vinaunganisha mtu wa Kilembe na mtu wa Kampala. Fundi alitaka viunganishe namba na namba. Mhandisi mmoja Mzungu alipoondoka nchini alimwachia rundo la magazeti ya ufundi, na katika mojawapo mlikuwa na mchoro wa mashine ya kuhesabu, kubwa kama nyumba. Fundi alilitamka jina lake polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe: kompyuta. Alitaka ya kwake, ya nyumbani, itakayoingia chini ya kitanda.

"Ya nini?" nilimuuliza.

Aliigeuza rilei moja kiganjani. "Nataka kuona kama akili inaweza kuokotwa."

Ya kwanza ilichukua ukuta mzima. Aliipigilia kwenye mbao za masanduku ya chai, nyaya zikaning'inia kama matumbo, na siku ilipojumlisha mbili na tatu kwa mara ya kwanza, aligonga ukuta wangu kwa ngumi. Nilikimbia nikidhani ameshikwa na umeme. Nikamkuta amesimama mbele ya glopu mbili zinazowaka, machozi yanamtiririka. "Tano," alisema. Mimi niliona glopu mbili, na moja katikati imezima. Sikuona tano yoyote.

Ndipo akanifundisha. Alinitaka nilete vifungo vyangu vya kushonea, akavipanga mstari juu ya meza. "Kifungo cha kwanza ni moja. Cha pili ni mbili. Cha tatu si tatu, ni nne. Cha nne ni nane. Cha tano ni kumi na sita. Kila mmoja ni mara mbili ya jirani yake." Kisha ukitaka namba yoyote, unachagua vifungo vinavyoifikisha, vingine unavigeuza chini. Tano ni nne na moja. Kwa hiyo cha kwanza na cha tatu. Nilipoelewa, nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu darasa la sita, kama mtu aliyefunguliwa dirisha usoni. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Shule bado iko palepale, Masika. Ukirudi utaikuta."

"Na hawa watatu nitawaacha na nani?"

Hakulitaja tena jambo hilo, hata siku moja. Lakini watoto aliwafundisha bila kuniuliza. Aliwaonyesha kwamba kwa vidole vya mkono mmoja, ukivihesabu kwa namna ile, unaweza kuhesabu mwezi mzima mpaka siku ya thelathini na moja. Gumba ni moja, shahada mbili, cha kati nne, kinachofuata nane, kidogo kumi na sita. Kabugho aliishika haraka kuliko sisi sote. Alikuwa na miaka minane. Ukimuuliza tarehe, alikuinulia vidole bila kusema, na mwalimu wake akamchapa akidhani anamtukana. Nilikwenda shuleni kueleza, nikashindwa kueleza, nikarudi nyumbani.

Mapungufu yake yalikuwepo. Alikuwa na kiburi cha mtu mpole, ambacho ndicho kigumu zaidi. Hakukubali kusaidiwa kubeba. Alipougua malaria alijifungia mlango siku tatu ili tusimwone akitetemeka. Na alikuwa na imani ya ajabu kwamba jambo la kweli likielezwa pole pole litaeleweka na yeyote. Aliwaeleza walevi, aliwaeleza watoto, alimweleza mkewe sajini namna rilei inavyofanya kazi huku mama yule anasonga ugali, anaitika "Eee, eee", halafu mwishoni anauliza, "Sasa Ile Fundi, hii nashika Redio Kampala?"

Mashine haikushika redio yoyote. Ilikuwa inapiga kelele tu. Rilei arobaini zikifanya kazi pamoja ni kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango, na kuta za layini zilikuwa nyembamba. Kila jioni kabla ya chakula tulisikia takataka-tak, takataka-tak, kisha kimya, kisha Fundi akikohoa. Tuliizoea. Watu wapya wakiuliza, layini nzima ilijibu kwa kicheko, "Ni Fundi anahesabu." Hata mwaka wanajeshi waliposhika nchi, layini ikajaa sare na buti, na watu wakaanza kuongea kwa kunong'ona, kelele ile iliendelea, na askari wapya nao wakaambiwa: ni Fundi, anahesabu.

Kisha mkewe sajini akajifungua. Mtoto alikuwa dhaifu, usingizi wake mwepesi, na mama akaja kwangu akiwa na machozi machoni. "Masika, dada yangu, wewe nasikiana na yeye. Ambia yeye. Hii tak tak tak, mtoto yangu hapana lala. Mimi sina ubaya na yeye."

Hakuwa na ubaya naye. Hilo nalisema wazi, kwa sababu baadaye watu walimsingizia.

Nilimpelekea Fundi ujumbe. Aliumia kuliko nilivyotegemea. "Mtoto halali kwa ajili yangu?" Alizima umeme palepale. Wiki nzima hakuigusa mashine, akawa anazunguka barazani kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga. Nilimhurumia, na huruma yangu ndiyo iliyotuletea yote. Nikamwambia, "Ipunguze, iingie kwenye sanduku, mimi nitaishonea koti."

Alikubali. Miezi kadhaa alifanya kazi ya kuipunguza. Alitupa mbao, akazipanga rilei mgongo kwa mgongo, akafupisha nyaya zote, mpaka mashine iliyokuwa ukuta mzima ikaingia ndani ya kifuniko cha mbao cha cherehani ya mama, nilichompa mimi. Chini ya kila rilei aliweka kipande cha blanketi kuukuu. Kisha ikaja zamu yangu. Kasese haikosi pamba. Nilinunua pamba kwa mkulima wa Mubuku, nikaichambua mbegu kwa mkono na Biira, nikashona koti la tabaka mbili lililojazwa pamba katikati, kama godoro la mtoto. Fundi aliogopa joto. "Itapumua wapi?" Nikaiwekea matundu chini ya kwapa, kama koti la mzee anayetoka jasho. Alicheka mabega yake yakatikisika sana. Kwa nje niliweka turubai, na kwa ndani niliweka vitambaa vilivyobaki kwa wateja. Fundi cherehani yeyote ana gunia la mabaki, ni haki yake.

Tulipoiwasha, hatukusikia kitu. Tulisogeza masikio, tukasikia kama mtu anayekuna kichwa chumba cha pili. Glopu sita mbele zikawaka na kuzima kimya kimya, zikatoa jibu. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Alikwenda kugonga kwa sajini, yeye aliyekuwa hagongi mlango wa mtu, akamwambia yule mama, "Mtoto alale."

Mtoto alilala. Na layini ikaanza kuuliza.

Hilo ndilo kosa letu, na halikutokea kwetu kwa ubaya, lilitokea kwa adabu. Kelele ile ilikuwa shahidi wake. Kila mtu aliyeisikia alijua Fundi yuko wapi na anafanya nini. Sasa jioni mlango wake unafungwa, taa nyekundu ndogo zinaonekana pazia likipeperuka, zinawaka na kuzima, na hakuna sauti. Mkewe sajini mwenyewe alinisimamisha bombani. "Masika, siku hizi Ile Fundi nafanya nini? Zamani mimi nasikia. Sasa hapana sikia kitu, lakini taa iko." Nikamwambia ni ileile, nimeishonea koti. "Koti?" Alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Akaenda akamsimulia mumewe kama kichekesho: mashine ya Ile Fundi imevaa koti isisikike. Mumewe hakucheka. Tulikuwa mwendo wa lori moja tu kutoka mpakani, na kila wiki kulikuwa na habari za watu wanaopeleka maneno ng'ambo.

Walikuja Jumapili mchana, baada ya kanisa. Sajini na askari wawili vijana. Sisi wote wa layini tulikuwa nje. Nilikuwa mlangoni kwangu nimemshika Kabugho mkono. Biira alikuwa ndani na Muhindo.

Sajini hakupiga kelele. Aliagiza mashine itolewe barazani, ikawekwa juu ya kiti changu cha kushonea. Fundi akaivua koti kwa mikono miwili, kwa upole, kama mtu anayemvua mgonjwa.

"Hii nini?"

"Mashine ya kuhesabu, afande."

"Nahesabu nini? Nahesabu askari?"

"Inahesabu namba yoyote utakayoipa. Naweza kukuonyesha." Akafungua kopo la biskuti, akamtolea karatasi za mtunza stoo. Sajini alisoma moja moja. "Takataka moja. Takataka moja." Akamtazama. "Wewe nacheza na mimi?"

"Hapana, afande. Hivyo ndivyo alivyoandika."

Askari mmoja kijana alicheka, akanyamazishwa kwa jicho. Sajini akasema, "Sawa. Kumi na mbili na kumi na tatu."

Fundi alipiga swichi, mbili upande wa juu, tatu upande wa chini. Mashine ikakuna. Glopu ya kwanza ikawaka, ya nne na ya tano. Nilisoma kabla yake. Ishirini na tano. Ilikuwa sahihi, na moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa fahari.

"Naona taa tatu," alisema sajini.

"Afande, labda jibu ni tatu," alisema yule kijana.

"Kumi na mbili na kumi na tatu ni tatu?"

"Hapana, afande," Fundi alisema, na nikaisikia ile sauti yake ya kueleza pole pole, ile aliyowaelezea walevi na watoto. "Taa ya kwanza ni moja. Ya nne ni nane. Ya tano ni kumi na sita. Ukizijumlisha ni ishirini na tano."

"Nani alisema ya nne ni nane? Ya nne ni nne."

"Ya tatu ndiyo nne, afande."

Nilitazama nyuso za majirani, watu waliokuwa wakisema kwa miaka mingi "ni Fundi anahesabu", nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua anahesabu vipi. Kwao pia taa ya nne ilikuwa nne.

"Hii ni code," sajini alisema. "Maneno ya siri. Mtu mmoja hapana weza piga maneno ya siri peke yake. Lazima kuna mwingine nasoma." Akageuka, akatuangalia mmoja mmoja. "Nani mwingine hapa najua soma hii taa?"

Wakati huo nilihisi mkono wa Kabugho unajikunjua ndani ya mkono wangu. Niliangalia chini. Gumba limesimama, cha nne kimesimama, kidogo kimesimama. Ishirini na tano. Alikuwa anainua mkono ajibu, kama darasani, akiwa na uso wa mtoto anayejua. Nilivifunga vidole vyake ndani ya ngumi yangu, nikakaza mpaka akauma midomo. Hakulia.

"Hakuna, afande," alisema Fundi. Hakuniangalia. "Hata mimi mwenyewe mara nyingine nakosea."

"Na hii koti nani nashona?"

"Mimi," alisema Fundi.

Sajini alilichukua koti, akaligeuza ndani nje. Na pale, kati ya mabaki ya vitambaa, palikuwa na kipande kikubwa cha kitambaa cha njano chenye maua ya zambarau, kilichobaki kwenye gauni nililomshonea mkewe Krismasi iliyopita. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, amelivaa gauni hilohilo. Alikiona. Nilimwona akikiona. Sajini aliangalia mshono, akamwangalia Fundi vidole, wala hakuinua macho kumtazama mkewe. Yule mama alirudi nyuma hatua moja, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Walimchukua pamoja na mashine. Glopu moja ilianguka ngazini ikapasuka. Fundi alitaka kuinama kuokota vigae visimchome mtoto mguu, wakamsukuma mbele.

Nimekaa na dakika ile miaka yote hii na bado sijui niiweke wapi. Nilijua kusoma zile taa. Ningetoka mbele niseme: mpeni mashine hesabu nyingine, tutenganisheni, kila mmoja asome taa peke yake, mtaona tunajibu sawa, hii ni hesabu, si siri. Wawili wakisema kitu kimoja, huwa ni ushahidi. Au huwa ni wahaini wawili. Na nyuma yangu walikuwa watatu ambao hawakuwa na mtu mwingine chini ya jua.

Jumatatu nilikwenda kwenye lango la kambi. Askari wa zamu aliniuliza, "Wewe nani yake?"

"Jirani."

"Jirani si mtu. Rudi nyumbani."

Nilirudi tena Alhamisi, nikasema mimi ni dada yake. Akaniuliza jina la baba yake. Sikulijua. Miaka minane, na sikulijua. Nilikwenda kwa katekista, akasema ataomba. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi naye, akanifungia dirisha kabla sijamaliza salamu. Nilifagia chumba cha Fundi kila Jumamosi, mpaka mwenye nyumba alipokipangisha kwa mtu mwingine. Mkewe sajini hakuleta nguo kwangu tena, ila siku walipohamishwa kwenda kambi nyingine aliweka mlangoni pangu debe la unga, akaondoka bila kugonga. Mimi nami baadaye nilirudi Bwera na watoto. Sikuweza kuishi na ukuta ule.

Nilimwona tena miaka minne baadaye, siku ya soko mpakani. Nilikuwa nimekwenda kuuza nguo za watoto. Soko lilikuwa limejaa watu wa pande zote mbili, na askari walikuwa wawiliwawili kila kona, wanapekua magunia ya kahawa ya magendo. Kulikuwa na mwanamke wa ng'ambo anauza mawese, na karibu naye mwanamume amekaa kwenye kigoda, anamimina mafuta kutoka debe kwenda kwenye chupa, bila kumwaga tone. Niliijua mikono kabla ya uso. Nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa amekonda hata kuliko zamani.

Nilichuchumaa mbele yake. Alinitazama, akaweka chupa chini.

"Masika."

"Fundi."

Nilishika chupa moja kama mnunuzi. Kisha nikaona kwamba kama sitasema sasa, sitasema tena, nikainamisha kichwa nikasema yote, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wale askari. Kwamba nilijua kusoma. Kwamba nilisoma ishirini na tano kabla yake. Kwamba Kabugho alitaka kujibu na mimi ndiye niliyemfunga mkono. Kwamba koti lilikuwa wazo langu na mshono wangu, na nilimwachia alibebe. Kwamba nilinyamaza.

Nilipoinua macho alikuwa anatabasamu, anaitika kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza bei.

Yule mwanamke wa mawese alinigusa bega. "Hasikiake muzuri, dada. Masikio yake ilikufaka kule walimufungia. Semea ye kwa nguvu, kwa nguvu kabisa, ndiyo atasikia."

Fundi alijisogeza mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaningoja. Alikuwa anataka kweli kusikia. Mita chache nyuma yake askari wawili walikuwa wamesimama juu ya gunia lililopasuliwa, mmoja ametugeukia, anatafuna muwa.

Nilijaza kifua pumzi. Nikafungua mdomo.

"Nimesema," nikapaza sauti, "watoto wazima!"

"Wote?"

"Wote!"

"Na Kabugho?"

"Kabugho yuko sekondari!"

Uso wake ulifunguka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili yenye mafuta, akautikisa, akautikisa, mabega yakicheka. "Basi," alisema kwa sauti kubwa mno, ile ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Basi, vizuri. Vizuri sana."

Askari aliyekuwa anatafuna muwa akatema makapi, akageuka kwenye gunia lake.